Fundi Aliyeionyesha Nyumba Yangu

Siku ya kumzika Fundi walisimama wengi kusema. Alisema mchungaji, akasema mwenyekiti wa kitongoji, wakasema askari wenzake wa zamani waliokuja kutoka Kayanga na kofia zao zimekaa upande. Kila mmoja alimpaka mafuta. Mpigania nchi. Mleta umeme. Babu wa wajukuu. Mimi nilikaa chini ya turubai nikisubiri kuitwa, maana nimekuwa jirani yake hapa Kamuli tangu ndevu zetu zilipokuwa nyeusi, lakini aliyeshika kipaza sauti alinitazama, akanipita. Alijua ningesema nini. Basi naandika. Nimesoma darasa la pili tu, mkono wangu ni mzito, na binti yangu Kemi, ambaye ni mwalimu, ndiye atakayeninyooshea herufi. Maneno nimemkataza kuyagusa.

Niliseme kwanza jambo lenyewe, msije mkazunguka nami migombani bila kujua tunakokwenda. Mwaka ule watu wa serikali walipopita kuwatafuta wageni wasio na karatasi, Fundi alinyoosha kidole akaionyesha nyumba yangu. Mke wangu ni mtu wa Bweranyange, hapahapa nchini, mama yake alikuwa mtu wa Bweranyange, na bibi yake kaburi lake liko Bweranyange. Akapakiwa kwenye lori, akapelekwa ng'ambo kama mtu wa Rwanda. Tangu siku ile nilitaka kitu kimoja kwa Fundi. Nilitaka asimame mbele ya watu walewale, palepale uwanjani, aseme kwa mdomo wake kwamba alikosea. Sikutaka ng'ombe, sikutaka faini ya pombe. Nilitaka nimsikie.

Kinyongo ninacho, sikatai. Macho pia ninayo, kwa hiyo nitasema na ya haki.

Kazi aliijua. Alikuwa anamenya waya kwa meno ya pembeni, upande wa kushoto, na meno yale yalikuwa yamechimbika kijishimo ambamo waya unaingia kama ulipimwa. Testa yake, ile bisibisi ya kupimia umeme, ilikaa mfukoni hata Jumapili kanisani, juu ya shati jeupe, mahali wenzake walipoweka kalamu. Akiingia nyumba ya mtu hakutazama picha ukutani wala watoto. Alitazama dari. Anakusalimia macho yake juu, anakunywea chai macho yake juu, halafu ghafla anakwambia soketi ile uliyowekewa na kijana wa mjini itakuua. Nyumba isiyochimbiwa chuma cha ardhini hakuiwasha. Mjane mmoja alimlilia amsamehe hicho chuma, akakataa, akaenda kukitafuta mwenyewe akaja kukipigilia kwa nyundo yake. "Waya hauombwi radhi," alikuwa akisema, "unazimwa kwanza."

Na alitufunga nyaya kabla umeme haujafika. Watu wa siku hizi hawaamini hili. Nguzo zilikuwa bado ziko mbali kabisa, huko njia ya Kayanga, na sisi huku tulikuwa na swichi ukutani. Tulimwamini. Alipita kitongoji kizima akisema unakuja, unakuja, na kila aliyeuza kahawa vizuri alimwita. Tukaishi miaka na soketi zisizo na kitu. Watoto walizijaza vijiti vya migomba. Fundi alipita kuzikagua kama ofisa anayekagua bunduki, na ole wake mama wa nyumba ambaye soketi yake imekutwa na uchafu. Alimwambia kila mtu abonyeze swichi zake jioni, ziwe nyepesi, zisishike kutu. Basi ungepita jioni ungesikia ta, ta, ta, watu wazima wanabonyeza giza. Nami nilibonyeza. Umeme ulipofika kweli, alitembea nyumba kwa nyumba na buti zimepigwa rangi, na hakuna aliyeruhusiwa kuwasha mpaka yeye amesimama wima mlangoni na kusema, "Washa." Siku hiyo nilimpenda. Naandika hivyo kwa kuwa ni kweli, na kwa kuwa inaniuma.

Uaskari haukumtoka. Alifika huku na vita, na vita vilipokwisha wenzake wakaondoka, yeye akabaki akaoa. Alikaa siku zote uso umeelekea mlangoni. Ukimwita kwa nyuma hakugeuka haraka, alisimama kwanza, akageuka mwili mzima. Alizungumza kama anatoa ripoti: nilifika, nikaona, nikatengeneza, nikaondoka. Kwenye klabu ya rubisi, pombe yetu ya ndizi, hadithi yake ya vita iliongezeka kila mwaka. Adui waliokuwa wachache nywele zetu zilipokuwa nyeusi, walikuwa jeshi zima nywele zilipokuwa nyeupe. Tulimcheka. Lakini kuna mahali katika hadithi, wakifika mtoni, ambapo alikuwa anaweka kikombe chini na kuulizia bei ya kahawa. Hakuna aliyewahi kumvusha mto ule.

Halafu, huyohuyo, aliogopa radi. Fundi wa umeme, askari, radi ikipiga anakimbilia nyumba ya jirani. Jirani ni mimi. Kabla hatujakosana alikuwa anaingia kwangu bila hodi, amembeba mjukuu wake, anakaa kwenye kona isiyo na dirisha na viganja vyake vimeziba masikio ya mtoto. Mtoto haogopi, anacheka. Anayetetemeka ni babu. Mke wangu alikuwa anampa maziwa anywe atulie, na hatukuwahi kumtangaza. Hiyo ni siri niliyomtunzia mpaka leo ninapoiandika.

Mjukuu yule ndiye aliyemvunja makali. Mtoto wa kiume wa Fundi aliendesha malori, akaoa mwanamke mmoja mrefu, mpole, wa maneno machache, akamleta hapa akisema ni mtu wa Ngara. Tukamwamini, maana watu wa Ngara lugha yao inaelekeana na ya kule ng'ambo, na lafudhi haikutushangaza. Akajifungua binti hapahapa kitongojini, mvua imekata barabara, hakuna gari wala pikipiki. Mke wangu ndiye aliyempokea yule mtoto na kumkata kitovu. Kisha kijana akafa ajalini, na mkamwana na mtoto wakabaki kwa Fundi.

Basi mngemwona. Mtu ambaye wazee wenzake walimsalimia kwa uangalifu, anapita barabarani na kitoto mgongoni, amekifunga kwa kitenge kama mama. Akipanda ngazi kufunga taa, mtoto yuko chini anamwamuru: babu shuka, babu panda, na anashuka na anapanda. Na yule aliyekataa kumwashia mjane nyumba bila chuma cha ardhini, siku mtoto alipougua akataka taa karibu na kitanda, alivuta waya mtupu kupitia dirishani, umefungwa kwa nailoni, ukaning'inia pale mwaka mzima. Nikamwuliza, Fundi, sheria zako ziko wapi? Akaniambia sheria ni za nyumba za wateja. Nilicheka. Ningefikiri siku ile badala ya kucheka ningejua mtu niliyenaye.

Sasa niwaeleze kuhusu vibuyu, maana bila hivyo hamtaelewa. Kwetu hapa wengi ni watu wa migomba na kahawa. Mke wangu kwao ni watu wa ng'ombe. Alipokuja kwangu alikuja na vibuyu vyake vya maziwa, na kila asubuhi alivisafisha, akawasha nyasi kavu kwenye chungu kidogo, zikafuka bila kuwaka, akakigeuza kibuyu mdomo chini juu ya ule moshi mpaka ndani kukaiva harufu. Maziwa ya humo hayaharibiki haraka, na ukiyanywa utajua umekunywa. Ni kazi ya wanawake. Mwanamume hukamua, hachungulii vibuyu. Akionekana anafukiza atachekwa mpaka na mbuzi. Katika kitongoji chetu moshi huo wa asubuhi ulitoka nyumba mbili tu: kwangu, na kwa Fundi, kwa yule mkamwana wake. Wanawake hao wawili walikuwa wakigawana nyasi.

Siku walipokuja na lori mimi nilikuwa Kayanga na magunia ya kahawa. Yaliyotokea niliyapata kwa majirani, na wote walisema sawasawa. Watu waliitwa uwanjani. Waliokuja waliuliza: tumeambiwa huku kuna mwanamke mrefu, mgeni, anafukiza vibuyu vya maziwa, nyumba yake ni ipi? Watu wakatazama chini. Fundi akasimama wima, akatoa testa mfukoni, akainyoosha kuelekea kwangu. "Ile ya bati jekundu," akasema. Wakaenda. Wakamkuta mke wangu na kibuyu mkononi, moshi unatoka. Wakamwuliza mambo ya kwao, akajibu kwa Kinyambo cha Bweranyange ambacho wao hawakukijua, wakasema ni lugha ya kule. Akapanda lorini na nguo aliyovaa.

Kaka zake ndio waliomfuata na kuhangaika ofisi hii na ile mpaka wakamrudisha. Nami nilihangaika nao, nilimaliza soli. Alirudi msimu mwingine wa kahawa umeshaanza. Katikati ya hayo mama yake alifariki Bweranyange, akazikwa, na mtoto wake wa pekee wa kike yuko ng'ambo kwenye hema, hajui. Aliporudi tulimpeleka kaburini. Hakulia mbele yetu. Alirudi nyumbani, akavitoa vibuyu vyote, akavining'iniza juu kwenye boriti za jikoni, na tangu siku ile maziwa yetu tuliyaweka kwenye ndoo ya plastiki kama watu wengine. Nilimwuliza mara moja. Akasema moshi ule unaonekana mbali.

Nilimwendea Fundi uwanjani mchana kweupe. Nikamwambia aniambie kwa nini. Akasimama wima. "Niliulizwa swali," akasema, "nikajibu swali." Akageuka mwili mzima, akaondoka.

Hapo ndipo nilipoanza. Mimi sikulelewa kwa kubembelezwa. Nilisukuma baiskeli ya kahawa ya wengine kupanda na kushuka vilima hivi mpaka nikanunua yangu, kisha nikanunua mashine ya kukoboa, na hakuna mtu aliyenishika mkono. Mtu wa namna hiyo akikuchukia anakuchukia kwa utaratibu. Nyaya zote alizofunga Fundi nyumbani kwangu nilizing'oa. Nilizivuta ukutani na plasta yake, nikazitupa mbele ya lango lake. Nikaleta kijana wa mjini akafunga nyingine, mbovu, zilinipiga shoti mara kwa mara, na kila ziliponipiga niliona raha kwamba si za Fundi. Njia yake ya kwenda kisimani ilipita shambani kwangu, nikaipanda migomba. Salamu nilimnyima. Watoto wangu niliwakataza kumwamkia shikamoo, na kwa mtoto wa huku hilo ni jambo kubwa, watu walininong'oneza, nikawaacha. Mke wake alipokufa, wakati wanaimba kaburini, mimi niliwasha mashine ya kukoboa. Niliiendesha tupu, haina hata punje ndani, ilivuma mpaka walipomaliza kufukia. Mchungaji alikuja kunionya. Nikamwambia kahawa haingojei.

Sijutii hata kimoja. Anayesoma akitafuta majuto asome kitabu kingine.

Naye Fundi alivumilia yote bila neno, na hilo lilizidi kunichoma. Angenitukana ningepumzika. Alikuwa akiona migomba kwenye njia yake anazunguka. Akisikia watoto wangu wamempita kimya anatazama juu, kana kwamba hata barabara ina dari. Alizeeka hivyo. Akaacha ngazi, akaacha kazi, mkono ukaanza kutetemeka, testa ikabaki mfukoni kama pambo. Watu wakaanza kumwita babu badala ya Fundi. Mimi sikubadilisha.

Mwaka juzi, msimu wa kahawa, ndipo akaja.

Nilikuwa nageuza kahawa iliyoanikwa uani, nina reki mkononi. Ilikuwa mchana, jua kali. Nikasikia hodi barabarani.

"Nani?" nikauliza, na namwona.

"Unaniona," akasema.

"Kukuona nakuona. Nimeuliza nani."

Akakohoa. Mke wangu akatoka jikoni, akamtolea kigoda, akamwambia karibu, kaa. Akakaa uso umeelekea njiani. Buti zilikuwa zimepigwa rangi, nikajua amekuja na jambo.

Alilieleza kwa ripoti yake. Mjukuu amemaliza shule, amepata nafasi ya chuo cha uuguzi. Anatakiwa kitambulisho cha taifa. Kwenye ofisi ya kata wanahoji, baba wa binti ni marehemu, karatasi za kuzaliwa hakuna kwa kuwa alizaliwa nyumbani, na wanataka mzee wa hapa aliyemjua tangu kuzaliwa, na kama yupo, mama aliyempokea. Akamaliza. Hakusema tafadhali. Akamtazama mke wangu kisha akatazama buti zake.

Ndugu zangu, nilikuwa nimeingoja siku ile kama watu wanavyongoja mvua ya vuli. Nikaweka reki chini taratibu ili nisiiharibu kwa haraka.

"Tutakwenda," nikamwambia. "Lakini wewe utangulie. Kwenye mkutano wa kijiji, watu wakiwa wamejaa, usimame pale uwanjani useme ulikosea juu ya mke wangu. Ukimaliza, mimi mwenyewe nitambeba mjukuu wako mpaka ofisini."

Akapangusa vumbi kwenye buti. Kahawa ilikuwa inalia juani, ile milio midogo ya maganda.

"Siwezi kusema nilikosea," akasema.

"Kiburi hicho utakufa nacho."

"Si kiburi, Baba Kemi. Sikukosea. Nilijua."

Nikamwambia arudie. Akarudia, na hapo ndipo alipotuambia. Wale watu walikuwa wanamtafuta mkamwana wake. Hakuwa mtu wa Ngara. Alikuwa mtu wa Burundi, aliletwa na kijana wake bila karatasi yoyote, na kuna mtu alipeleka maneno. Asubuhi ile Fundi alikuwa amempandisha yeye na mtoto darini, kwenye nyumba mpya aliyokuwa anaifunga nyaya, akawafunika na mabomba na maboksi, kisha akashuka akaenda uwanjani kama kawaida. Akaulizwa nyumba ya mwanamke anayefukiza vibuyu. Zilikuwa nyumba mbili. Akaonyesha moja. Akisimama leo kusema alikosea, watauliza basi nyumba yenyewe ilikuwa ipi, na watakwenda kwake. (Leo mkamwana huyo ameshanyoosha mambo yake serikalini, karatasi anazo. La sivyo nisingeliandika hili, chuki yangu haijafika huko.)

"Kwa nini mke wangu?" nikauliza. 

"Wako ana kaka," akasema. "Ana kwao, ana makaburi ya kuonyesha, ana wewe. Nilijua utamrudisha. Wangu asingekuwa na mtu wa kumfuata."

Niliinua reki. Sidanganyi, niliiinua mpaka juu ya bega. Na kilichonitia wazimu zaidi ni kwamba hesabu yake ilikuwa sahihi. Ni kweli nilimrudisha. Alinipima kama anavyopima nyumba, akaona nitabeba, akanitwisha.

"Kaa chini, Baba Kemi," mke wangu akasema. "Mimi nilijua tangu kule lorini."

Nikabaki na reki juu.

Akasema, bila kupandisha sauti, kwamba usiku wa kumpokea yule mtoto, mkamwana wa watu alishikwa na uchungu akamwita mama yake na kukitaja kilima cha kwao, na kilima kile hakiko Ngara. Mwanamke kwenye uchungu hawezi kudanganya kwao ni wapi. Kwa hiyo walipomkamata akiwa na kibuyu alielewa mara moja wanamtaka nani. Lorini walimwuliza kama kuna mwingine wa namna yake kitongojini. Akasema hakuna.

"Na hukuniambia," nikasema. "Miaka yote hii."

"Ungeisema," akajibu. "Wewe kila kitu unakisema."

Fundi alikuwa ameshika magoti yake. Alianza kusema Mama Kemi, ahsante, na mke wangu akamkata palepale.

"Sikufanya kwa ajili yako. Nilifanya kwa ajili ya mtoto niliyemkata kitovu. Na Jumatatu nitakwenda kata kwa ajili yake. Hilo halikuhusu wewe, usinishukuru." Akajifuta mikono kwenye kitenge. "Lako ni jingine. Mama yangu alizikwa mimi sipo. Ulipima ukaona kaka zangu, ukaona makaburi, mama yangu hukumpima. Vibuyu vyangu viko juu pale, vimekauka. Utakuja asubuhi, utavifukiza."

Fundi alimtazama kama hakusikia. "Mama," akasema, "ile ni kazi ya wanawake."

"Ndiyo," akasema mke wangu, akaingia jikoni.

Jumatatu tulikwenda ofisi ya kata. Mke wangu alisema aliyoyaona kwa macho yake: mtoto alizaliwa kitongojini, mvua ikinyesha, baba yake ni mtoto wa Fundi. Nami nikasema ni kweli. Hatukuulizwa zaidi, hatukusema zaidi. Binti alitoka amepauka, akampigia mke wangu magoti mbele ya watu wote.

Kwa hiyo Fundi hakuwa na la kumlazimisha tena. Alichokitaka alikipata. Jioni nilimwambia mke wangu, hatakuja. Askari mzima, mzee mwenye wajukuu, hawezi kuja.

Asubuhi alikuja.

Nikatoa kiti mimi mwenyewe. Nilikiweka nje ya ua, pembeni ya barabara, na wakati wa kahawa barabara yetu inapitwa na kila mtu anayepeleka mzigo chama cha msingi cha ushirika. Mke wangu alimpa chungu, nyasi, na kibuyu kikubwa kuliko vyote. Hakumfundisha. Akawasha, nyasi zikawaka moto badala ya kufuka, akazizima kwa buti, akawasha tena. Moshi ukampanda machoni. Kibuyu kikawa kinagonga mdomo wa chungu, ko, ko, ko. Wanawake wenye ndoo za kahawa kichwani wakapunguza mwendo, kisha wakasimama kabisa.

"Babu, geuza mdomo uangalie chini," mmoja akamwambia, "moshi unakimbia."

Dereva wa bodaboda akazima pikipiki ili aone vizuri. "Fundi," akasema, "umeolewa lini? Hatukualikwa." Watu wakacheka mpaka mizigo ikayumba. Akapita askari mwenzake wa zamani na baiskeli, akaona, akatazama upande wa pili, akakanyaga pedali kwa nguvu. Fundi alimwona.  Alikaa wima, machozi ya moshi yanashuka kwenye mikunjo, kibuyu mdomo chini. Na mimi nilikuwa uani nageuza kahawa ambayo haikuhitaji kugeuzwa, na nilifurahi. Nilifurahi mpaka tumboni.

Jua lilipopanda mke wangu akatoka. Akakichukua kibuyu, akaingiza pua mdomoni mwake, akafumba macho.

"Bado," akasema. "Kesho."

Akaja kesho. Akaja na keshokutwa. Watu wakazoea, wakacheka kidogo kidogo, wengine wakaanza kumsalimia tu, Fundi, habari za asubuhi, kana kwamba ndiyo kazi yake. Nyasi akazijua, hazikuwaka tena. Na kila jua lilipopanda mke wangu alinusa, akasema bado, na yeye akasimama, akakung'uta vumbi la suruali, akaondoka.

Siku moja, Fundi alipokwisha kuondoka, nilikichukua kile kibuyu, nikakamulia ndani yake, nikanywa nikiwa nimesimama. Ilikuwa ile harufu yenyewe, ya mwaka niliomwoa. Ilikuwa imeiva siku nyingi. Nilipogeuka mke wangu alikuwa mlangoni ananitazama, nami nikamtazama. Akakipokea kibuyu, akakirudisha penye chungu kwa ajili ya kesho.

Asubuhi nikatoa kiti, nikakisogeza karibu zaidi na barabara.